Bwawa la Starehe na Usalama wa Walio Chini Yake

Neno bwawa katika Kiswahili hubeba maana mbili kwa pamoja. Msemaji akisema kwamba bwawa limejaa, anakusudia maji. Akisema limepasuka, anakusudia ukuta uliyoyazuia maji hayo. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu haudhuru. Hata hivyo, unafanana sana na kosa la wenye mabwawa ya starehe: mtu hununua maji ya kuvulia samaki na kuendeshea mashua, akasahau kwamba amenunua pia tuta la udongo. Makala haya yanahusu tuta hilo, pamoja na sheria inayopaswa kulisimamia.

Udongo ulioshindiliwa vyema hustahimili uzito wa maji kwa miaka mingi. Usichostahimili ni maji yapitayo juu yake. Yakifurika, hukwangua mteremko wa upande wa chini, na kila tabaka linalong'oka huyapa maji nguvu ya kung'oa jingine. Adui wa pili ni maji yapenyayo ndani kwa ndani kupitia mashimo ya wanyama, mizizi iliyooza au kandokando ya bomba, yakiondoka na chembe za udongo kidogo kidogo. Ndiyo maana tuta huhitaji mkondo mpana wa kupitishia maji ya ziada, na bomba la chini la kupunguzia maji panapotokea hatari.

Bwawa la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilinyimwa vyote viwili. Lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa usafiri, likakamilika mwaka wa 1853. Reli ilipouondolea mfereji umuhimu, bwawa liliuzwa. Mmiliki mmoja aliyang'oa mabomba ya chini na kuyauza kama chuma kikuukuu. Mwaka wa 1879 lilinunuliwa kwa ajili ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, wakiwemo Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Klabu ilikarabati sehemu iliyokuwa imebomoka bila kurudisha mabomba, ikapunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite juu yake, na ikaweka nyavu za chuma katika mkondo wa maji ya ziada ili samaki wasitoroke. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake ndogo ya kueleweka. Yakijumlishwa, yaliliacha tuta lenye urefu wa mita 22 kwenda juu bila pa kupumulia.

Onyo halikukosekana. Mwaka wa 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma cha Cambria huko Johnstown, alimtuma mhandisi John Fulton kulikagua. Fulton aliandika kuwa ukarabati ulikuwa duni na kwamba hapakuwa na njia ya kuyapunguza maji. Klabu iliyapuuza maoni yake, wala hapakuwa na ofisi ya serikali yenye mamlaka ya kuilazimisha. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, nyavu zilizibwa na takataka, maji yakapita juu ya tuta, nalo likabomoka. Takriban saa moja baadaye mafuriko yaliufikia mji wa Johnstown. Watu zaidi ya 2,200 walifariki.

Waliofiwa hawakushinda kesi yoyote dhidi ya klabu. Ajabu ni kwamba sheria ya kuwasaidia ilikuwepo ng'ambo ya bahari. Katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa nchini Uingereza mwaka wa 1868, mwenye bwawa alipatikana na wajibu wa kulipa hasara ingawa yeye mwenyewe hakuzembea: anayekusanya katika ardhi yake kitu kiwezacho kudhuru kikitoroka hukiweka kwa dhima yake. Mahakama ya juu ya Pennsylvania ilikuwa imeikataa kanuni hiyo mwaka wa 1886. Mahakama za Kenya huitumia hadi leo. Hata hivyo, fidia huja baada ya mazishi. Kinachoweza kuyatangulia ni ukaguzi.

Ukaguzi nao hutegemea jinsi mabwawa yanavyopangwa katika makundi. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2007 kuhusu rasilimali za maji ziliyapanga kwa kina cha maji, ujazo na ukubwa wa eneo la kukusanyia maji. Bwawa lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 liliweza kuhesabiwa kuwa la hatari ndogo. Vipimo hivyo ni rahisi kuchukua, lakini havisemi lolote kuhusu anayelala chini ya tuta. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka huko Solai, Nakuru, likaua watu wasiopungua 47. Hilo lilikuwa bwawa la kilimo, si la starehe, lakini udongo hautofautishi matumizi.

Jimbo la Georgia, Marekani, lilichukua mkondo mwingine. Mnamo Novemba 1977 bwawa la Kelly Barnes, lililowahi kuzalisha umeme na kisha kubaki ziwa la burudani, lilivunjika usiku juu ya chuo kimoja cha Biblia huko Toccoa na kuua watu 39. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya usalama wa mabwawa. Chini ya sheria hiyo, bwawa huwa katika kundi la kwanza ikiwa kuvunjika kwake kunaweza kuua mtu, nalo ndilo husimamiwa kwa ukali. Hapa pana jambo linalowakera wamiliki wengi: jirani akijenga nyumba bondeni, bwawa laweza kuhamishwa kutoka kundi la pili hadi la kwanza, na mmiliki akatakiwa kupanua mkondo, kukata miti iliyoota tutani na kuajiri mhandisi, ilhali yeye mwenyewe hajagusa hata jembe.