Nembo ya Askofu: Tuisome, Tusiibadili

Nembo ya Askofu tunayoiona kwenye barua za kichungaji na vitenge vya sherehe si pambo tu. Katikati mna ngao yenye alama za imani na utume wake. Nyuma yake husimama msalaba, na chini huandikwa kaulimbiu yake ya kiaskofu. Juu huwekwa kofia yenye vishada. Kofia ya Askofu ni ya kijani, yenye vishada 6 kila upande. Ya Askofu Mkuu ni ya kijani pia, yenye 10. Ya Kadinali ni nyekundu, yenye 15. Basi mchapaji anayeongeza vishada au kugeuza rangi ili nembo ipendeze, hutangaza cheo kingine. Kabla ya kuchapisha chochote, tuombe nakala halisi Ofisi ya Jimbo.