Tarangire hadi Ruaha kwa Njia ya Singida

Anayetaka kuziona hifadhi za Tarangire na Ruaha kwa safari moja ya gari anaweza kufuata lami: Babati, Katesh chini ya Mlima Hanang, Singida, Manyoni, Dodoma, kisha Iringa. Eneo hili la katikati si jangwa, ila ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili.

Juni hadi Oktoba ndio wakati wa safari hii. Madimbwi yakikauka, tembo hukusanyika kwenye Mto Tarangire na Ruaha Mkuu.

Mji wa Singida ni wa kulala, si wa kupita tu. Ziwa Singidani, lenye maji ya chumvi, huvutia ndege wengi, na kuku wa kienyeji wa mkoa huu wanasifika nchi nzima. Mgeni asiondoke bila kuwaonja. Asubuhi, tangi lijazwe mafuta na maji ya kunywa yaongezwe.