Tumbili wa Entebbe na homa ya mtoto isiyo malaria

KISIWA cha Saanane, mwendo mfupi wa boti kutoka katikati ya Jiji la Mwanza, hupendwa na watoto siku za mapumziko. Tumbili huwavutia wengi, na hao hao ndio huwatia wazazi wasiwasi: je, hawaambukizi magonjwa?

Kwa magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu, jibu lilitafutwa zamani kando ya ziwa hili hili, upande wa Uganda.

Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, kwa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani. Watafiti walikutana na ugumu mmoja. Tumbili na kima wengi wa Afrika wakipata virusi vya homa hiyo hawaugui sana. Utawaona wanaruka matawini kama kawaida, kumbe virusi vinazunguka. Ilibidi wapimwe damu ili kujua kama waliwahi kuambukizwa. Njia nyingine ilikuwa kuweka “walinzi”: tumbili wa aina ya rhesus, ambao asili yao ni Asia na homa ya manjano huwaangusha haraka. Walifungiwa vizimbani juu ya miti, wakaachwa waumwe na mbu, huku joto lao likipimwa.

Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, tumbili namba 766 alifikisha nyuzi joto 39.7. Damu yake ilipochunguzwa, hakikupatikana kirusi cha homa ya manjano bali kingine kisichojulikana. Kikapewa jina la msitu. Januari 1948 kilionekana tena, safari hii ndani ya mbu aina ya Aedes africanus walionaswa humo humo. Dunia ilikuja kushtuka baadaye sana, watoto walipozaliwa Brazil na vichwa vidogo kuliko kawaida, na Februari 1, 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura.

Virusi vinatokaje msituni hadi nyumbani? Hilo lilionekana Bwamba, magharibi mwa Uganda. Kima hulala juu ya miti, ambako mbu wa msituni huwauma. Mchana hushuka kuiba ndizi. Shambani kuna mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana kwenye maji yanayotuama kati ya jani na shina la mgomba au gimbi. Akimuuma kima mwenye virusi, siku kadhaa baadaye anaweza kumwambukiza mkulima. Kima hakumgusa mtu.

Kwa hiyo kuua tumbili hakusaidii. Brazil, wakati wa mlipuko wa homa ya manjano wa 2016 hadi 2018, watu waliwapiga na hata kuwawekea sumu, wakati vifo vya tumbili wa huko ndivyo vilivyokuwa vikiwaonyesha maofisa wa afya wapi pa kupeleka chanjo. (Hii haina maana mtoto aachwe awalishe kwa mkono. Kuumwa na tumbili kuna hatari zake, kichaa cha mbwa kikiwamo.)

Mjini, tumbili hahitajiki kabisa. Mbu aina ya Aedes aegypti hubeba virusi kutoka mtu hadi mtu, na ndivyo dengue ilivyosambaa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Ana madoa meupe miguuni na huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni. Chandarua cha usiku hakimkingi mtoto anayecheza uani saa kumi jioni, ingawa kinamfaa sana mchanga anayelala mchana.

Huzaliana kwenye maji ya ndoo, mapipa na matairi chakavu. Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji mengine. Pipa lifunikwe, na kila wiki lisuguliwe ndani kwa brashi.

Mtoto akipata homa, apimwe malaria kwanza, maana bado ni tishio kubwa Kanda ya Ziwa. Kipimo kikionyesha hana, asipewe dawa mseto “kwa tahadhari”. Mpaka dengue ithibitishwe kuwa haipo, homa ituliziwe kwa paracetamol kulingana na uzito wake, si aspirini wala ibuprofen, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu. Tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, au akilegea, arudishwe hospitali mara moja. Mara nyingi dalili hizo huja homa inaposhuka, wakati mzazi anadhani amepona.

Familia zinazovuka kwenda Uganda kuona ndugu zikumbuke kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wanaotoka huko hudaiwa wanapoingia Tanzania. Hutolewa kuanzia miezi 9, dozi moja hutosha maisha yote, na ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.