Taa ya Mchimbaji Yatafuta Nyumba

Msafiri atokaye Kikorongo kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe hulipita eneo la Munkunyu pasipo kulitambua. Mkono wake wa kulia vilima hupanda hatua kwa hatua hadi milima ya Ruwenzori ipoteapo mawinguni. Mkono wa kushoto ni bonde lenye joto, mashamba ya pamba na mahindi, na ng'ambo yake nyika ya hifadhi ya wanyama. Hakuna kibao kinachomwambia asimame. Sisi tulisimama kwa sababu ya mzee mmoja.

Mzee huyu alifanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe katika miaka ya 1970. Alituketisha chini ya mwembe, akaingia ndani, akarudi na sanduku la bati alilolivuta kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na kofia ngumu iliyopasuka ukingoni, taa ya kichwani ambayo betri yake imekwishaoza zamani, kibati chenye namba yake ya kazi, na daftari lenye majina ya wenzake wa zamu moja. Mengi ya majina hayo alikuwa ameyawekea msalaba kwa kalamu.

"Wanangu," alisema, "mnunuzi wa vyuma chakavu amepita hapa mara mbili. Wajukuu wanataka niuze. Mimi nataka vitu hivi vikae mahali ambapo watu watakuja kuviona. Niambieni, mahali hapo ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliagana naye tukiahidi kwenda kulitafuta.

Jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni Kampala. Ni kweli kwamba nyumba ya makumbusho ya Uganda ni ya zamani na yenye heshima. Ilianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Old Kampala, nao wenyeji wakaiita nyumba ya mayembe, kwa kuwa vitu vingi vilivyowekwa humo vilikuwa vya uganga na matambiko. Mwaka 1954 ilihamia Kitante katika jengo lililochorwa na Ernst May, na ngoma na zeze zake zimepata sifa kwa sababu huchezwa, hazifungiwi tu katika vioo. Lakini kutoka Munkunyu hadi Kampala ni safari ya zaidi ya kilomita 350, na nyumba ya taifa zima haiwezi kumpa kila mchimbaji rafu yake. Tena kofia ya Kilembe ikiwekwa Kitante huwa kofia tu. Ikiwekwa Kilembe, mtazamaji akigeuza shingo huuona mlima ilimotumika.

Mmoja wetu aliwahi kukaa katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Jambo lililomshangaza huko si makumbusho makubwa, bali wingi wa yale madogo, kila moja likishika kazi moja tu. Pale Marston, karibu na mji wa Northwich, kipo kiwanda cha chumvi kiitwacho Lion Salt Works. Pale Styal kipo kiwanda cha pamba cha Quarry Bank kilichojengwa na Samuel Greg mwaka 1784. Katika mji wa Crewe ipo nyumba ya mambo ya reli iliyofunguliwa mwaka 1987. Mjini Macclesfield, katika kiwanda cha Paradise Mill, mitambo 26 ya mkono ya kufuma hariri ingali imesimama palepale. Na juu ya kilima cha Alderley Edge kuna mashimo ya shaba yaliyochimbwa tangu zama ambazo watu wa huko hawakujua chuma.

Hebu msomaji aitazame orodha hiyo tena, akiiondoa hariri. Chumvi, pamba, reli, shaba. Ndiyo Kasese yenyewe! Wilaya yetu haikupungukiwa na cho chote ambacho Cheshire inakionyesha kwa wageni. Kilichopungua ni nyumba na ufunguo.

Tulianzia Kilembe. Husemekana kwamba dalili za shaba ziligunduliwa na msafara wa Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, uliopanda Ruwenzori mwaka 1906. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1956, mwaka uleule ambao reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Shaba ilipakiwa kwenye garimoshi hadi Jinja, ikayeyushwa katika tanuri lililotumia umeme wa maporomoko ya Owen, kisha ikaendelea na safari hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa ya nchi yaliyouzwa nje, ikifuata kahawa na pamba. Serikali iliuchukua mgodi mwaka 1975. Vipuri vikaadimika, bei ikaanguka, na kufikia mwaka 1982 kazi ilikuwa imekoma. Kwa muda wote huo ziliondolewa mlimani takriban tani milioni 16 za mawe yenye shaba.

Leo mtu akipanda bonde la mto Nyamwamba kuelekea Kyanjuki huziona nyumba za wafanyakazi zikiwa zimepangwa safu kwa safu, na watu wangali wanaishi ndani yake. Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa wawekezaji wa kigeni. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Na mazungumzo ya kuufufua hayakuishia hapo. Sisi hatupingi ufufuo huo, maana vijana wanahitaji kazi. Twauliza tu: siku mitambo mipya itakapopandishwa, ile ya kale itashushwa ipelekwe wapi? Mnunuzi wa vyuma chakavu anayo jibu tayari.

Na yupo mchukuzi mwingine asiyelipa hata senti. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika ikabomoa nyumba na madaraja. Mei 2020 ilifurika tena, ikaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Kila furiko hula malundo ya mchanga uliobaki baada ya shaba kutolewa, ukayamwaga mashambani na katika maji ya kunywa, nao mchanga huo una madini yanayodhuru. Hapa baadhi ya wasomaji watatukatiza, na wana haki: mahali ambapo hospitali imesombwa na maji, nani ana fedha za makumbusho? Twakiri kwamba hospitali hutangulia. Lakini hatuombi jumba la marumaru. Tena habari ya mchanga huo ni sehemu ya habari ya mgodi, na mtoto wa Kilembe anayeambiwa asichote maji mtoni anastahili kuonyeshwa sababu.

Jambo hilo Quarry Bank hawakulificha. Karibu na kiwanda ipo nyumba walimolala watoto maskini waliochukuliwa kufanya kazi humo, na mgeni huonyeshwa vyumba vyao na kuelezwa saa walizofanya kazi, takriban 12 kwa siku. Huelezwa pia kwamba pamba iliyosokotwa katika viwanda vya namna hiyo ilitoka kwa wingi katika mashamba ya watumwa wa Marekani. Makumbusho yanayosifu tu ni tangazo la biashara. Nyumba ya Kilembe, ikijengwa, na iweke ile kofia pamoja na lile daftari lenye misalaba.

Kutoka Kilembe tuliteremka hadi stesheni ya Kasese. Hapa hatukukawia, kwa sababu hakuna cha kumkawiza mtu. Treni haziji tena tangu miaka ya 1990, na reli yenyewe mahali pengine imefunikwa na majani. Nairobi wanayo nyumba ya makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, ambamo limetunzwa behewa ambalo simba alimnyakua humo afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Jinja nayo ilipata yake mwaka 2022. Kasese, iliyokuwa mwisho wa safari, bado yangoja.

Mjini humohumo ilitokea habari ambayo wanaodharau takataka wangefaa kuisikia. Mgodi ulipokuwa ukifanya kazi, mabaki yenye chuma na salfa yalimwagwa karibu na mji, yakawa lundo la takriban tani milioni moja ambalo hakuna aliyelitaka. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kulitoa kobalti lundo hilo kwa msaada wa vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huyeyusha madini. Kazi hiyo iliendelea hadi lundo likaisha katika miaka ya 2010. Kitu kilekile kilikuwa uchafu kwa baba na mshahara kwa mwana.

Katwe ni mahali pa namna nyingine kabisa. Huko kazi haijafa. Ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, halina mto uutokao, na jua likilikausha huacha chumvi. Henry Stanley alipita hapo mwaka 1889, Lugard akajenga ngome yake mwaka 1891, kwa sababu aliyeishika chumvi ya Katwe aliushika mfuko wa wafalme wa upande huu. Bunyoro walilijua jambo hilo kabla ya Mzungu ye yote. Kando ya ziwa vidimbwi vimegawanywa kwa kuta za matope na vijiti, navyo hurithiwa katika jamaa kama mashamba. Wanawake hukusanya chumvi vidimbwini; wanaume huingia majini hadi kiunoni, wakabandua mabamba ya chumvi ya mawe kutoka chini na kuyapakia kwenye chelezo. Maji hayo huchubua ngozi. Mvua ikinyesha kwa wingi, kazi ya majuma mengi huyeyuka, na mwenye kidimbwi huanza upya.

Juu ya ukingo umesimama mzoga wa kiwanda. Kilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ufundi wa Kijerumani ili kutengeneza chumvi kwa mashine. Kikafanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu maji ya ziwa yaliyala mabomba yake. Tuliyazunguka matangi yenye kutu huku chini yetu kina mama wakiendelea kukusanya chumvi kama walivyofanya bibi zao. Kwa maoni yetu hakuna chuo kinachoweza kufundisha somo la mitambo na mazingira kwa uwazi kuliko kilima hiki, mradi awepo mtu wa kulieleza. Kituo cha kupokea watalii kipo Katwe, na vijana wake wanajua kuongoza wageni. Lakini tulivyoona sisi, mgeni huletwa kutazama chumvi na heroe wa ziwa Munyanyange, kisha hurudi kwenye tembo na simba wake. Kiwanda hupitwa kama jambo la aibu.

Ule wa Marston nao ulikuwa mzoga. Huko maji ya chumvi yalivutwa kutoka ardhini, yakachemshwa kwa makaa katika makarai makubwa ya bamba la chuma, na watu wakaikokota chumvi hadi ukingoni kwa majembe marefu. Uvutaji huo uliila ardhi hata nyumba za Northwich zikadidimia, ikabidi zijengwe kwa mbao ili ziweze kuinuliwa kwa jeki. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986, paa likaanza kuanguka, na miaka karibu 30 ikapita kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015. Basi Waingereza nao huchelewa. Tofauti ni kwamba baraza la mahali lilikinunua kabla ya mwenye vyuma chakavu.

Tulirudi Munkunyu wakati wa jioni, tukamkuta mzee palepale. Tulimweleza kwamba nyumba hatukuiona. Akanyamaza. Ndipo mwenzetu aliyekaa Cheshire akamsimulia habari ya sepetu.

Mwaka 1875 wachimbaji wa Alderley Edge walikuta sepetu ya mbao ndani ya mashimo ya kale. Hakuna aliyeijali sana. Ikaishia kuning'inizwa katika shule ya kijiji, ambako mwanafunzi mmoja, Alan Garner, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alizoea kuiona. Alipokwisha kukua aliikumbuka, akaenda kuiulizia, akaikuta miongoni mwa vitu vya kutupwa, akaichukua na kuitunza kwa miaka mingi. Hatimaye wataalamu wa makumbusho ya Manchester waliipima, wakakuta kwamba ina umri wa zaidi ya miaka 3,500.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Shuleni waliitundika juu ya nini, msumari?"

Tulisema kwamba ndivyo tudhaniavyo.

Asubuhi yake tulifuatana naye hadi shule ya msingi ya jirani, yeye akiwa amelibeba sanduku begani na kukataa kusaidiwa. Mwalimu mkuu alimwamkia kwa heshima, akayapokea majina yaliyomo daftarini kwa mikono miwili, akasoma mawili matatu kwa sauti. Moja lilikuwa la babu yake. Alituonyesha kabati tupu katika ofisi yake, akasema kwamba liko tayari, ila halina kufuli, na fedha za shule za muhula huo zimekwisha. Mzee alilichungulia kabati, akalisukuma kwa kidole kuona kama limesimama imara, kisha akalifunga sanduku lake. Alisema atalileta siku kufuli litakaponunuliwa. Siku tulipoondoka Munkunyu lilikuwa limerudi uvunguni.