Mwani wa Pemba na lugha ya vijiji vya Fujian

WAKULIMA wa mwani wa Tumbe, kaskazini mwa Pemba, huishi kwa hesabu ya mwezi. Bamvua likiingia hushuka pwani na kamba na taitai zao. Maji yakiwa mafu hufanya kazi nyingine. Mmoja wao akifika vijiji vya pwani ya Fujian, kusini mashariki mwa China, atakuta hesabu hiyo hiyo. Huko kalenda ya mwezi huitwa 'nongli', yaani kalenda ya kilimo, na magulio mengi ya vijijini hufuata tarehe zake.

Sababu ya kufika huko ipo. Zanzibar ilianza kulima mwani kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na hadi leo sehemu kubwa huuzwa nje ukiwa mkavu tu. China inaongoza duniani kwa kulima mwani, lakini bado hununua spinosum na cottonii, aina zile zile za Pemba, hasa kutoka Indonesia. Viwanda vya Fujian huzitoa karajinani, unga unaogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Faida inaanzia hapo, si kwenye gunia.

Wafanyabiashara wa Tanzania wanaoijua China wengi wanaijua Guangzhou na Yiwu. Kule kuna wakalimani, na bei huandikwa kwenye kikokotoo. Xiapu, wilaya ya Fujian inayosifika kwa mwani, iko kwenye reli itokayo Fuzhou. Akishuka kituoni, mgeni asiyejua lugha hana wa kumshika mkono.

Na lugha hii ina mitego ya kibiashara. 'Mai' kwa sauti inayoshuka kisha kupanda ni kununua. 'Mai' kwa sauti inayoshuka kwa nguvu ni kuuza. Anayekosea amegeuza biashara yote juu chini. Uzito nao: sokoni bei hutajwa kwa 'jin', ambayo ni nusu kilo. Mpemba akisikia bei ya jin akadhani ni ya kilo, atarudi nyumbani na hesabu mbovu. Wachina pia huhesabu kwa 'wan', yaani elfu kumi, kwa hiyo elfu thelathini kwao ni 'wan tatu'. Hata vidole vinahitaji somo, maana huonyesha sita hadi kumi kwa mkono mmoja.

Anayefaulu darasani asijipe moyo mapema. Wazee wa Xiapu huzungumza lahaja yao ya Kimin, ambayo hata Mchina wa Beijing haielewi. Mtu wa Micheweni anayecheka mgeni aliyejifunza Kiswahili cha vitabu tu, hapo atakuwa yeye ndiye mgeni. Vijana waliosoma hujibu kwa Kichina sanifu, na ndio wa kuanza nao.

Chakula hakina haja ya kumtia hofu Mwislamu. Neno la kulikariri ni 'qingzhen', halali. Hoteli ndogo za tambi za Waislamu kutoka kaskazini magharibi zimeenea katika miji mingi, na neno hilo huandikwa mlangoni.

Tatizo ni pa kujifunzia. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 2013, lakini kwa mkulima wa Tumbe huko ni kuvuka bahari, kupanga chumba na kuacha shamba. Ajabu ni kwamba Kichina si kigeni Pemba. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, wengi wakitoka mkoa wa Jiangsu, na hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Wagonjwa wamesikia lugha hiyo miaka yote bila kufundishwa.

Ushirika wa akina mama ukichanga nauli ya kijana mmoja, maswali ya kumpa yapo tayari: kiwanda kinalipa kiasi gani kwa jin, kinakubali unyevu wa kiwango gani, na mchanga ukizidi kinakata kiasi gani.