Doctor Who ya miaka ya sitini: ianziwe wapi, na mbona ina matundu?

Ndugu zangu, watoto wetu waliozaliwa Uingereza wakishaipenda Doctor Who huuliza: nianzie wapi? Wengi wetu tunawajibu harakaharaka, anza mwanzo. Lakini mwanzo wa tamthilia hii ni kama mswada ulioliwa na mchwa, na ukiutazama bila kujua kisa chake utachoka mapema.

Sehemu ya kwanza ilirushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa. Mtayarishaji alikuwa mwanamke kijana, Verity Lambert, na mwongozaji wa kisa hicho cha kwanza alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa India. Kuanzia hapo hadi 1969 zilitengenezwa sehemu 253 za rangi nyeusi na nyeupe. Kisha BBC wenyewe wakazifuta! Kanda za video zilikuwa ghali na zinaweza kurekodiwa upya, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, na televisheni ya rangi ilipoingia nani angetaka tena picha za zamani? Kazi ya kufuta na kutupa iliendelea mpaka 1978, hapo ndipo walipopata mtu wa kusimamia hifadhi kwa dhati.

Sasa, zilizobaki zimebakije? Hapa ndipo penye utamu. Kabla ya kanda kufutwa, kamera ya filamu iliwekwa mbele ya kioo cha televisheni, ikatoa nakala ya milimita 16, na nakala hizo zikauzwa nje. Kituo kimoja kikishaonyesha kinapeleka kwa kingine, na cha mwisho kinatakiwa kurudisha au kuharibu. Zilifika Nigeria, Zambia, Kenya, Cyprus, Hong Kong, New Zealand. (Tanzania bara hatukuwa na televisheni hadi 1994, kwa hiyo wengine wetu tumekutana na Daktari huyu tukiwa tayari na shahada zetu.) Bahati nzuri si kila karani alitii amri ya kuharibu. Mwaka 1992 kilitangazwa kupatikana kisa kizima cha The Tomb of the Cybermen kutoka Hong Kong. Na Oktoba 2013 zikatangazwa sehemu tisa zilizokutwa Jos, Nigeria: zikakamilisha The Enemy of the World, na The Web of Fear ikabaki na pengo moja tu, sehemu ya tatu. Baada ya hapo hesabu ya zilizopotea ilikuwa 97.

Msomi wa fasihi yetu lazima atabasamu kidogo. Sisi tumezoea kwenda SOAS au Hamburg kusoma miswada ya tenzi za pwani, tukiambiwa kwamba kwetu isingehifadhika. Kumbe Waingereza nao walitupa vya kwao, vikaja kukutwa kwenye stoo ya Mwafrika. Sisemi kwamba karani wa Jos alikuwa mhifadhi kuliko wa London. Huenda hakuna aliyegusa lile rafu tu. Ila ile hoja ya kwamba uhifadhi una makao yake makuu Ulaya, mimi siichukui tena hivihivi.

Haya, turudi kwenye kutazama. Ushauri wangu: msiyaruke matundu. Sauti za sehemu hizo 97 zote zipo, kwa sababu watazamaji walizirekodi nyumbani kwa tepu rekoda. Marco Polo ya 1964, sehemu zote saba, haina picha hata moja inayotembea, lakini ukiisikiliza kama mchezo wa redio, jinsi tulivyolelewa na redio, inakwenda vizuri sana. Kwa visa vingine BBC wamechora katuni juu ya sauti ile ile: The Power of the Daleks ya 1966 ilipata yake mwaka 2016. Hiyo ndiyo ya kwanza ya Patrick Troughton. Na ile sehemu William Hartnell anapogeuka kuwa Troughton, msingi wa miaka yote iliyofuata, imepotea. Dakika ya mgeuko ilisalia kwa sababu kipindi cha watoto, Blue Peter, kiliitumia.

Kwa walioko Uingereza, tangu Novemba 2023 BBC iPlayer imeweka sehemu zaidi ya 800. Lakini jamani, zilipowekwa, kisa cha kwanza chenyewe, An Unearthly Child, hakikuwamo, kutokana na mvutano wa hakimiliki na upande wa mrithi wa mwandishi. Tafuteni diski za DVD za 2006 ziitwazo The Beginning: mna visa vitatu vya mwanzo, pamoja na lile jaribio la kwanza lililokataliwa na wakubwa likarekodiwa upya. Mimi humpa mgeni hivyo vitatu, halafu The Aztecs, ambayo ni kamili. The Daleks in Colour ya 2023 imebana sehemu saba kuwa dakika 75. Ya kuonjea inafaa, ya kusomea haifai.

Mwangalie pia namba ya eneo kabla ya kulipa. DVD ya Uingereza ni eneo la 2, na Oman na Ghuba yote wako humo humo, hawana shida. Marekani ni 1, Afrika Mashariki ni 5, kwa hiyo mkimtumia mtu Mombasa au Chicago diski ya London, mwulizeni kwanza kama mashine yake inasoma maeneo yote.