Chenso mpya bado haijamaliza kutengenezwa

Tuseme kikundi chenu cha wakulima pale Madimba kimechanga msimu mzima, na sasa msumeno wa mnyororo, au chenso kama wengi wetu tunavyouita, uko kwenye boksi. Kazi inayousubiri inajulikana. Mikorosho mingi ya ukanda huu wa Mtwara ni ya zamani na imebanana. Matawi yanashikana juu, jua haliingii, na ubwiriunga unajistarehesha humo ndani. Ushauri unaotoka Naliendele ni kupanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kwa hiyo kuna miti ya kupunguza, matawi ya kupogolea, na mikorosho mizee ya kukatwa ibaki kisiki ili machipukizi yake yabebeshwe aina bora. Hela imeshatoka. Swali ni moja: unaianzaje mashine hii ili isikufie mapema?

Ukiuliza mtaani utapata majibu mawili yanayogombana. Mmoja atakwambia ibembeleze, moto mdogo mdogo, oili mimina ya kutosha. Mwingine atakwambia ipige resi mpaka ilie, ichangamke. Mimi naona wote wawili wanaiumiza, na ukijua kinachoendelea ndani ya silinda utaona kwa nini.

Pistoni haigusi silinda moja kwa moja kwa namna ya kuziba. Anayeziba ni ringi, kile kipete chembamba cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa pistoni. Kwa macho ringi mpya inang'aa na ni laini, ila ukiiweka chini ya hadubini utakuta milima na mabonde. Ukuta wa silinda nao uko hivyo hivyo. Chukua vipande viwili vya msasa uvikutanishe: vinagusana kwenye ncha tu, na katikati hewa inapita. Kwenye injini, hewa inayopita hapo ni nguvu yako inayopotea. Kuzoesha mashine ni kuzisaga hizo ncha mpaka ringi na ukuta vikubaliane. Kiwanda kimefanya sehemu kubwa ya kazi ya kusawazisha, lakini hatua ya mwisho kabisa imeachwa mikononi mwako.

Na ringi haisagiki kwa kubembelezwa. Mafuta yanapolipuka, gesi inaingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje ikandamize ukuta. Injini isipobeba mzigo, msukumo huo ni mdogo na ringi inacheza tu. Kwa hiyo kuiacha chenso ingurume bila kukata kwa nusu saa, ukidhani unaizoesha, ni kuchoma petroli bure.

Sasa yule wa kupiga resi. Chenso ikivutwa moto wote bila kugusa mti inaweza kupita mizunguko 12,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 200 kwa sekunde moja, na kwa kuwa injini yake ni ya mipigo miwili, kila mzunguko una mlipuko wake. Pistoni inapofika juu lazima isimame na kugeuka, na nguvu inayovuta fimbo na beringi zake inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka mizunguko 9,000 ikiwa ndani ya mti hadi 13,500 ikiwa hewani, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini nguvu hiyo imeongezeka mara 2.25. Msuguano nao unazaa joto, wakati zile ncha bado ni kali. Ndiyo maana kitabu cha Stihl, kwa mfano, kinakataza moto wote bila mzigo katika matenki matatu ya kwanza, na kinasema mashine hufikia nguvu yake kamili baada ya matenki 5 hadi 15.

Soma vizuri hapo: kinachokatazwa ni moto wote bila mzigo. Ndani ya mti vuta moto wote, kisha achia kabla mnyororo haujatoka upande wa pili. Ukikata kwa nusu moto unaiumiza klachi, maana inashika kwa kutanuka kadiri injini inavyozunguka. Mwendo ukiwa mdogo inateleza na kuungua. Kwa siku ya kwanza chagua matawi ya mkorosho ya unene wa wastani, ukate na kupumzika. Mpingo, ambao ukiutupa majini unazama, uache kabisa kwa sasa. (Mikoko ya mwambaoni nayo si ya kujaribia mashine, wala si ya kukata kiholela.)

Kuhusu oili. Injini hii haina sehemu ya kuhifadhi oili kama ya bodaboda. Kila tone linalolainisha pistoni linaingia pamoja na petroli. Ukisahau kuchanganya, mashine inajikwangua ndani ya muda mfupi. Mashine nyingi za leo zinataka moja kwa 50, yaani mililita 20 za oili iliyoandikwa 2T kwa kila lita ya petroli, na dumu la lita 5 linapata mililita 100. Angalia kitabu cha mashine yako, kisha nunua bomba la sindano duka la dawa upimie. Kizibo cha chupa si kipimo. Kuzidisha maradufu "kwa sababu ni mpya" hakusaidii: kabureta inapitisha ujazo ule ule, hivyo oili inachukua nafasi ya petroli, na isiyoungua inabaki kama masizi kwenye plagi na tundu la moshi.

Mnyororo una tenki lake la oili. Usilitilie oili chafu iliyomwagwa kwenye gari, maana imebeba vumbi la chuma na inarukia ngozi yako. Kujua kama inafika, elekeza ncha ya bapa kwenye kipande cha boksi bila kuligusa, vuta moto kidogo, uone mstari wa oili. Mnyororo mpya utalegea haraka, si kwa kuvutika bali kwa viungo vyake kulika na kukaa sawa. Ukaze mara kwa mara, injini ikiwa imezimwa. Mnyororo wa mita 1.25 ukipata joto nyuzi 60 zaidi unarefuka karibu milimita moja. Ukiukaza ungali moto, ulegeze kidogo kabla ya kuuweka stoo, la sivyo ukipoa utajibana.

Udongo wetu wa pwani ni mchanga, na chembe ya mchanga ni ngumu kiasi cha kuua makali ya jino. Kugusa ardhi mara moja tu kunatosha, kwa hiyo kisiki kifagie kwanza. Na kona ya juu ya ncha ya bapa isiguse kitu, maana hapo ndipo mashine inaporuka kukurudia usoni.

Baada ya tenki la tatu kaza bolti zote, kisha fungua plagi. Kahawia iliyofifia ndiyo rangi unayoitaka. Nyeusi yenye ulowevu inaelekeza kwenye oili nyingi au filta ya hewa iliyoziba. Ikiwa nyeupe kama jivu, usiiwashe tena mpaka fundi aangalie kabureta.